Shajara ya mradi: hekta 46, droni moja na suala la mwinuko

Jumatatu, mezani

Kazi tuliyopewa ni ramani ya kipande cha hekta 46: mipaka yake, vilivyomo ndani yake, na kontua za nusu mita, yaani mistari ya mwinuko sawa kwa kila nusu mita. Mwenye kazi anataka kukigawa, na kabla ya kukigawa anataka kuchimba mtaro mkuu wa kutoa maji hadi kwenye kijito kilicho bondeni. Mtaro una urefu wa mita 400 hivi na mteremko uliokusudiwa ni nusu asilimia, maana yake maji yatashuka mita 2 tu kutoka mwanzo hadi mwisho. Nimeanza na hili kwa sababu ndilo litakaloamua mengine yote. Anayetaka picha nzuri ya shamba lake anaweza kuvumilia kosa la sentimita 15 kwenye mwinuko. Mtaro wa namna hii hauwezi. Sentimita 15 ndizo maji yanazoshuka katika mita 30 za mtaro.

Kwa hiyo tumekubaliana tangu leo: droni itapima uso wa ardhi na vilivyo juu yake, na mawe ya mpaka yatapimwa kwa miguu. Mhandisi wa mwenye kazi aliuliza kwa nini tusimalize yote kwa droni. Nilimjibu, "Mhandisi, droni inaona ua. Mpaka haiuoni." Alicheka, lakini nadhani atauliza tena.

Kibali cha kurusha kimepatikana. Nchi nyingi zimeweka dari ya mita 120 juu ya ardhi kwa droni za kawaida, nasi hatuna haja ya kufika huko.

Hesabu za urushaji nimezifanya kwa kalamu kabla ya kuigusa programu, kwa sababu programu hukubali chochote unachoiambia. Kamera yetu ina kihisi cha milimita 13.2 kwa 8.8, pikseli 5472 kwa 3648, na lenzi yenye urefu wa fokasi wa milimita 8.8. Unazidisha upana wa kihisi kwa kimo cha kuruka, unagawanya kwa urefu wa fokasi uliozidishwa kwa idadi ya pikseli. Kwa kimo cha mita 80, pikseli moja inafunika sentimita 2.19 za ardhi, na picha nzima inachukua mita 120 kwa 80.

Picha zitapandana asilimia 80 kwenye mstari na asilimia 70 kati ya mstari na mstari. Hapo kamera inapiga kila baada ya mita 16, na mistari inaachana kwa mita 36. Ukizidisha, kila picha mpya inaleta mita za mraba 576 tu za ardhi ambayo haijaonekana, kati ya 9,600 zilizomo ndani yake. Mtu asiyejua kazi hii huona ni ubadhirifu wa betri. Lakini fotogrametria, yaani upimaji kwa picha, haipimi kitu kwa picha moja. Inapima pointi ile ile ikionekana kutoka sehemu nyingi, na kwa mpango huu kila pointi ya katikati itaonekana kwenye picha 16 hivi. Ukipunguza kupandana ili uokoe betri, umepunguza mashahidi.

Mwendo ni mita 8 kwa sekunde, picha moja kila sekunde 2. Shata, mlango wa mwanga wa kamera, tumeifunga kwenye 1/1000 ya sekunde. Katika muda huo droni inasogea milimita 8, chini ya nusu ya pikseli. Rubani wetu alitaka kuiachia kamera ijichagulie, mwanga ukipungua iende 1/200. Nilikataa: kwa 1/200 droni inasogea sentimita 4, karibu pikseli mbili, na picha iliyovutika hivyo haifai kupimia hata kama kwa macho inapendeza.

Jambo la mwisho la mezani ni mteremko. Kutoka juu hadi bondeni ardhi inashuka mita 30. Droni iliyoagizwa kuruka mita 80 hupima kimo hicho kutoka pale iliponyanyukia, haifuati ardhi yenyewe. Ukiirushia juu, ikifika bondeni iko mita 110 juu ya ardhi, na pikseli imekua hadi sentimita 3. Hilo linavumilika. Ukiirushia bondeni, ikifika juu imebaki mita 50, picha imesinyaa, na kupandana kumeshuka hadi asilimia 68 kwenye mstari na 52 kati ya mistari. Hapo ndipo modeli, yaani umbo la ardhi linalojengwa na programu kutokana na picha, huchanika. Tumepakia modeli ya ardhi ya mwanzo, isiyo sahihi sana lakini inatosha, ili droni ipande na kushuka pamoja na mteremko.

Jumanne, alama chini

Leo droni haikutoka kwenye sanduku, na kwangu hii ndiyo siku ya upimaji.

Tumetandaza alama 21. Tisa ni za udhibiti na 12 ni za ukaguzi. Za udhibiti zinaingia kwenye hesabu na kuivuta modeli ikae mahali pake. Za ukaguzi hazigusi hesabu hata kidogo: modeli ikishakamilika ndipo tunazitoa na kuilinganisha nazo. Nimeona ripoti nyingi ambazo usahihi uliotangazwa umetolewa kwenye alama zile zile zilizoilazimisha modeli. Ripoti hiyo inajisifu yenyewe.

Kila alama ni ubao mwembamba wa sentimita 60 kwa 60, wenye miraba minne, miwili myeusi na miwili myeupe, na tundu katikati la kupitishia msumari. Kwa pikseli ya sentimita 2.19 alama inapata pikseli 27 kwa upande, kiasi cha kutosha kuupata msumari bila kubahatisha. Rangi ni ile isiyong'aa. Nyeupe inayong'aa ikipigwa na jua la mchana inaungua kwenye picha, inafurika juu ya nyeusi, na kitovu cha alama kinahama bila wewe kujua.

Mpangilio nao una maana. Alama nne za udhibiti ziko pembeni kabisa, mbili ziko katikati ya pande ndefu, tatu ziko ndani, moja ikiwa bondeni. Sikuzipanga zote kandokando ya barabara ya kuingilia, ingawa huko ndiko kazi inakokwenda haraka. Modeli ni sahihi ndani ya eneo lililozungukwa na alama. Ukitoka nje ya alama ya mwisho, inaelea.

Kila alama imepimwa mara mbili kwa kipokezi cha setilaiti, asubuhi na alasiri, ili setilaiti ziwe zimebadilisha nafasi angani. Kwa upande wa mlalo vipimo viwili vimeachana chini ya sentimita moja. Kwa mwinuko vimeachana hadi sentimita 2. Hiyo ni kawaida, na sababu yake ni rahisi: setilaiti zote ziko juu yetu, hakuna iliyo chini ya ardhi ya kusawazisha kosa la wima. Kwa mlalo zinatuzunguka pande zote, ndiyo maana kosa la mlalo ni dogo.

Kituo cha msingi tumekiweka juu ya kigingi cha zamani chenye viwianishi vinavyojulikana. Kipokezi kikiachwa kijitafutie mahali chenyewe bila marekebisho hukosea kwa mita kadhaa, na kwa kuwa vipimo vingine vyote vinaning'inia kwake, ramani nzima huhama kwa kiasi hicho hicho. Ndani ya ramani kila kitu kitakubaliana. Utajua siku utakapoiweka juu ya ramani ya jirani.

Kisha likaja suala la mwinuko lenyewe. Karatasi tuliyopewa na mwenye kazi inaonyesha mwinuko wa vigingi viwili juu ya usawa wa bahari. Kipokezi chetu kinatoa mwinuko juu ya elipsoidi ya WGS 84, umbo la kihesabu lisilojua bahari iko wapi. Kati ya viwili hivyo kuna jeoidi, uso wa usawa wa bahari ukiendelezwa hadi chini ya nchi kavu, na duniani kote tofauti yake inacheza kuanzia karibu mita 106 chini ya elipsoidi, kusini mwa India, hadi mita 85 hivi juu yake, upande wa Papua. Tumetumia modeli ya jeoidi ya EGM2008 kubadili vipimo vyetu, kisha tukalinganisha na vigingi vyote viwili. Tofauti iliyobaki ilikuwa sentimita 11 kwenye kimoja na sentimita 12 kwenye kingine, upande ule ule. Tumeichukua kama nyongeza moja ya eneo zima na kuiandika kwenye ripoti. Kama vigingi vingetofautiana kwa sentimita 20, ningesimamisha kazi kwanza.

Jumatano, kurusha

Kulikuwa na mawingu mepesi yaliyotanda anga nzima, mwanga sawa kila mahali. Hali kama hii ndiyo bora: vivuli haviko, na rangi ya ardhi haibadiliki kati ya mstari wa kwanza na wa mwisho. Anga yenye vipande vya mawingu ndiyo inayochosha, kwa sababu picha moja inakuwa na jua na ya pili ina giza.

Tumeruka mara mbili kwa makusudi. Seti ya kwanza kamera ilitazama chini moja kwa moja. Seti ya pili mistari iliikata ile ya kwanza kwa pembe mraba, kimo kikiwa kikubwa kidogo, na kamera imeinuliwa nyuzi 25 kutoka wima. Rubani aliuliza, "Kaka, hii ya pili si ni ile ile tu kwa pembeni?" Nikamwambia asubiri Alhamisi.

Katikati ya seti ya pili upepo ulipanda, naye akaiteremsha droni bila kuniuliza. Amefanya sawasawa. Kwenye upepo droni hulazimika kuinama ili ishike mstari, betri huisha kabla ya wakati, na mahali picha zinapopigwa hapafuati tena mpango. Tukasubiri.

Wakati wa kusubiri mhandisi alitaka kujua nani aliyebuni mambo haya. Fotogrametria ni ya zamani kuliko ndege. Mfaransa Aimé Laussedat alikuwa akichora ramani kutokana na picha katikati ya karne ya 19, na mwaka 1858 mpigapicha Nadar alipiga picha akiwa ndani ya puto angani. Mwaka huo huo mjenzi mmoja wa Ujerumani, Albrecht Meydenbauer, alikuwa akipima kanisa kuu la Wetzlar kwa mkono na nusura aanguke kutoka juu. Akaamua kuta ndefu zipimwe kwa picha, na neno lenyewe fotogrametria limetokana naye, mwaka 1867. Mhandisi alilipenda lile la kunusurika kuanguka kuliko mengine yote.

Kabla ya kuondoka tulifungua picha kwenye kompyuta pale pale uwanjani, kwa ukubwa wa asilimia mia, kama moja katika kila ishirini. Nilitafuta ukungu, mvutiko, na alama zilizofunikwa. Alama moja ya ukaguzi imekanyagwa na ng'ombe na ubao umesogea. Msumari uko, ubao hauko juu yake. Tumeitoa kwenye orodha, zimebaki 11.

Alhamisi, modeli ya kwanza

Nimechakata seti ya kwanza peke yake, ile ya kamera kutazama chini, nikiwa na alama nne tu za pembeni kama udhibiti na mahali pa kamera pakipatikana kwa makadirio ya kawaida ya GPS ya droni. Nilitaka kuona kazi inavyotoka wengi wanavyoifanya.

Programu inatafuta katika kila picha maelfu ya madoa yanayotambulika, inayalinganisha na ya picha nyingine, kisha inatatua kwa mkupuo mmoja mahali kila kamera ilipokuwa, mahali kila doa lilipo ardhini, na tabia ya lenzi. Sehemu hii ya mwisho ndiyo watu huisahau. Lenzi haikupimwa maabara. Programu inaikisia kutokana na picha hizo hizo.

Ripoti ikatoka inang'aa. Tofauti ya wastani ya pointi kwenye picha ni pikseli 0.6. Alama nne za udhibiti zote ziko ndani ya sentimita moja. Ortofoto, yaani picha moja ya eneo zima iliyonyooshwa hadi ipimike kama ramani, ni safi, hakuna mshono. Ningeweza kuipeleka leo jioni na hakuna ambaye angelalamika mpaka maji yaanze kurudi nyuma.

Kisha nikatoa alama za ukaguzi. Mbili za katikati ziko juu mno: sentimita 9 na 7. Mbili za karibu na kingo ziko chini mno: sentimita 8 na 8. Wastani wa hizo nne ni sifuri kamili. Ndiyo maana wastani peke yake haufai kutangazwa: jumla na toa zimeuana. Ukizipandisha kila moja kwa mraba, ukatafuta wastani wa miraba na kuchukua kipeuo chake cha pili, unapata sentimita 8.0, na hiyo ndiyo hali halisi.

Nilipozichora zote kwenye ramani umbo lilijitokeza bila ubishi. Ardhi yote imebinuka kama sahani iliyofunikwa, juu katikati, chini pembeni. Hili linajulikana vizuri kwenye fani. Picha zote zikitazama upande mmoja, kutoka kimo kile kile, juu ya ardhi isiyo na mabonde makali, programu haina njia ya kutenganisha mpindo wa lenzi na mpindo wa ardhi. Ikikisia upotoshaji wa lenzi kwa kiasi kidogo kisicho sahihi, inaweza kukunja ardhi kidogo ikafidia, na picha zote zikaendelea kukubaliana kwa pikseli 0.6. Hesabu za upotoshaji wenyewe ni zile za mtaalamu wa lenzi Conrady wa 1919 zilizoendelezwa na Duane Brown miaka ya 1960, na hazina kosa. Kinachokosekana ni taarifa ndani ya picha.

Kwa mtaro wetu, kuvuka kutoka katikati hadi ukingoni kungemaanisha mteremko wa bandia wa karibu sentimita 17. Katika kontua za nusu mita usingeuona. Mchimbaji angeuona.

Ijumaa, modeli ya pili

Seti zote mbili pamoja, alama zote tisa za udhibiti, na mahali pa kamera pakiwa pamesahihishwa baada ya kuruka kwa kutumia data ya kituo cha msingi.

Picha zilizotazama kwa mshazari zinaitazama ardhi ile ile kupitia kingo nyingine za lenzi na kutoka umbali tofauti, kwa hiyo lenzi haiwezi tena kujificha nyuma ya ardhi. Sahani imelainika. Kwenye alama 11 za ukaguzi, kipeuo cha wastani wa miraba ni sentimita 1.6 kwa mlalo na sentimita 2.7 kwa mwinuko, na makosa hayana mpangilio: lililo juu liko jirani na lililo chini. Rubani akaangalia ramani zote mbili, akanyamaza kidogo, akasema, "Basi kumbe si ile ile."

Kuna wanaosema droni yenye RTK, yaani inayosahihisha mahali pake papo hapo ikiwa angani, imemaliza haja ya alama ardhini. Sikubali, na sababu ni hesabu. Urefu wa fokasi wa kamera yetu ukiuandika kwa pikseli ni kama 3,650. Ukiwa na mahali pa kamera pasipohama na programu ikakosea fokasi kwa pikseli moja tu, ardhi iliyo mita 80 chini inapanda au kushuka kwa sentimita 2.2, yote kwa pamoja. Pikseli mbili, sentimita 4 na zaidi. Kamera inayopata joto na kupoa inaweza kucheza kiasi hicho. Mlalo utakuwa safi na mwinuko wote umehama, na bila alama hata moja chini hakuna kitakachokuambia. RTK inapunguza idadi ya alama za udhibiti, kweli, na kwa eneo hili ningeweza kubaki na tatu. Za ukaguzi hazipungui.

Kuhusu idadi yake: viwango vya chama cha wapimapicha cha Marekani, ASPRS, toleo la pili la 2023, vinataka pointi za ukaguzi zisizopungua 30 kabla ya kutangaza kwamba kazi imepimwa na kufikia kiwango fulani. Sisi tuna 11. Ripoti itasema 11, itaonyesha kosa la kila moja kwenye jedwali, na haitadai kiwango hicho. Toleo hilo pia linataka kosa la pointi za ukaguzi zenyewe liingizwe kwenye hesabu. Kosa letu la GNSS (vipimo vya setilaiti) kwa mwinuko ni kama sentimita 2. Ukilijumlisha kwa miraba na 2.7 unapata sentimita 3.4. Ndiyo namba niliyoiandika kwenye jalada.

Jumatatu, nyasi

Namba hiyo ya 3.4 ni ya ardhi tupu. Alama zote ziliwekwa mahali pa wazi, kwa sababu mahali pengine zisingeonekana. Karibu theluthi ya kipande ina nyasi ndefu, na ukanda wa kijito una miti.

Tumetembea na fimbo na kipokezi kwenye mistari miwili inayokata nyasi, kipimo kila mita 20, ncha ya fimbo ikishuka hadi kwenye udongo wenyewe. Ardhini mwenzangu aliinama kila mara kugawa nyasi kwa mkono ahakikishe ncha haijakaa juu ya kishungi. Kwenye sehemu tupu za mistari hiyo modeli iko ndani ya sentimita 3. Ikiingia kwenye nyasi, inaruka juu sentimita 28, kisha 35, mahali pamoja 41. Ikitoka, inashuka tena.

Programu ina kichujio cha kutenganisha ardhi na vilivyo juu yake, na kwa mti mmoja au nyumba moja kinafanya kazi nzuri. Kwa nyasi zilizosongamana hakiwezi, wala si kosa lake. Kamera inarekodi kile ambacho mwanga umekigusa na kurudi, na pale hakuna pikseli hata moja iliyoona udongo. Kichujio hakiwezi kuchagua pointi ambayo haipo. Laida, yaani kupima kwa mwale wa leza, ingesaidia zaidi kwenye miti, kwa sababu mshale wake mmoja unaweza kupenya katika uwazi na kurudisha mwangwi zaidi ya mmoja, lakini hata yenyewe inahitaji uwazi.

Tumekata nyasi nje ya modeli kwa poligoni, tukajaza kwa vipimo vya fimbo, vilivyosongamana zaidi kwenye njia ya mtaro. Kingo za kijito, juu na chini, tumezipima kwa mkono kama mistari na kuziingiza ili kontua zisipite juu ya ukingo kana kwamba ni mteremko laini. Uso wa maji wenyewe tumeufuta. Maji hung'aa na kusogea kati ya picha na picha, na programu ilikuwa imejenga hapo vilima vya ajabu vya nusu mita.

Kwenye ramani, maeneo yaliyopimwa kwa fimbo yamewekewa mistari ya mshazari na maelezo yake. Mhandisi angependa yafichwe ili ramani iwe safi. Nimemkatalia.

Jumatano, mipaka

Mhandisi ameuliza tena, kama nilivyotarajia: ua unaonekana vizuri kwenye ortofoto, pikseli ya sentimita 2, kwa nini tusiufuate tu?

Nilimwonyesha upande wa mashariki. Mawe mawili ya mpaka yamepatikana, moja likiwa chini ya udongo kiasi cha kiganja. Mstari ulionyooka kati yake na ua unaokua hapo vinaachana. Mahali pabaya zaidi ua umeingia ndani kwa mita 1.3. Ua ulipandwa palipokuwa rahisi kupanda. Ortofoto imeupima kwa usahihi mkubwa, na kilichopimwa si mpaka.

Jiwe la kaskazini liko chini ya matawi mazito. Kipokezi kilitoa jibu, lakini mawimbi ya setilaiti yaliyogonga majani na kurudi yalilifanya jibu lihame kila dakika. Tukaweka pointi mbili mahali pa wazi, tukasimamisha totali stesheni, na kulipima kwa pembe na umbali kutoka zote mbili. Majibu yamekubaliana kwa milimita 6.

Ghala lililo karibu na mpaka nalo lina funzo lake. Ortofoto inaonyesha paa, na paa limetoka nje ya ukuta kwa sentimita 60. Anayechora jengo kwa kufuata paa atalikuta limevuka mpaka. Ukuta wenyewe, tuliupima chini, hauvuki.

Na kuna suala la urefu wa pande. Hati ya zamani inasema upande wa kusini ni mita 612.40, kwa vipimo vilivyofanywa ardhini. Ramani yetu iko kwenye UTM, mfumo wa kuilaza dunia kwenye gridi bapa kwa kanda, na karibu na meridiani ya kati ya kanda UTM hupunguza kila urefu kwa kipimo cha 0.9996, yaani sentimita 40 kwa kila kilomita. Kwenye ramani upande huo unasomeka pungufu kwa sentimita 24.5 kabla hata hujaingiza athari ya kimo cha mahali. Mtu asiyejua angesema jirani amekula ardhi. Ripoti itatoa urefu wa aina zote mbili, wa gridi na wa ardhini, kila mmoja kwenye safu yake.

Ijumaa, makabidhiano ya awali

Vilivyotolewa: ortofoto, modeli ya uso, modeli ya ardhi iliyosahihishwa, kontua za nusu mita, jedwali la alama za ukaguzi pamoja na ile iliyokanyagwa na sababu ya kuitoa, na picha zote ghafi. Picha ghafi hazikuombwa, lakini mtu akitaka kurudia hesabu zetu baadaye hawezi bila hizo.

Mstari wa mtaro umewekewa vigingi kila mita 20, na mwinuko wa kila kigingi umehamishwa kwa levo ya kawaida (chombo cha kulinganisha mwinuko) kutoka kwenye kigingi cha zamani, haukutolewa kwenye modeli. Modeli ilitusaidia kuchagua njia. Iliondoa kabisa njia ya kwanza ya mhandisi, ambayo ingelazimisha kukata kina cha mita 2 na zaidi kwenye kigongo kidogo ambacho kwa macho hakionekani.

Kilichobaki ni kona ya kusini magharibi. Jiwe lake halijapatikana. Tumechimba pale hati inapolielekeza, kwa nusu mita kila upande, na hakuna kitu ila mizizi. Mpimaji wa upande wa jirani atakuja tuisome hati pamoja na kupima upya kutoka kwenye mawe mawili ya upande wake. Hadi hapo kona hiyo imechorwa kwa mstari wa nukta, na eneo la jumla kwenye ramani limeandikwa "la muda".